Kadi yangu ya benki iko kwa mkopeshaji, na mume wangu hajui

SWALI

Mama Mshauri, shikamoo, na Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, ninaishi Nkuhungu hapa Dodoma pamoja na mume wangu na watoto wetu watatu, na ni mwanakwaya katika usharika ambao ndimo nilimobatizwa na kufungia ndoa. Mume wangu ni mfanyabiashara wa alizeti: wakati wa mavuno huzunguka vijiji vya Kongwa, hununua kwa wakulima na kuwauzia wakamuaji wa mafuta. Mwaka jana alihifadhi mzigo mkubwa akitarajia kwamba bei ingepanda, bei ikashuka, akalazimika kuuza kwa hasara iliyokula karibu mtaji wote. Tangu hapo nyumba inaendeshwa na mshahara wangu, ambao tayari unakatwa mkopo wa benki tuliouchukua kwa ajili ya kupaua nyumba, na kinachonifikia ni shilingi 340,000 kwa mwezi.

Januari ilipofika watoto wawili walidaiwa ada katika shule ya mchepuo wa Kiingereza wanakosoma. Sikutaka kumwongezea mume wangu uchungu, nikamwambia kwamba ada ningeimudu. Nilikwenda kwa mkopeshaji mmoja mjini, hawa tunaowaita kausha damu, akanipa 600,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, akachukua kadi yangu ya benki pamoja na namba ya siri. Kila mshahara unapoingia yeye hutangulia kutoa 180,000, na hiyo ni riba tupu. Ameitoa mara saba sasa, na zile 600,000 zinahesabiwa kuwa bado nadaiwa zote. Nilipokwama zaidi nilikopa 400,000 kwa mama mmoja wa usharika wetu, ambaye kwa miezi minne nimekuwa nikimtumia 80,000 kila mwezi, nayo pia ni riba tu.

Mwezi Juni tulikuwa na harambee ya jengo la kanisa, na mhubiri mgeni alifundisha kwamba deni ni laana inayovunjwa kwa sadaka ya kujimaliza. Nilisimama nikaahidi 500,000, nikiamini kwamba Mungu angefungua mlango. Mlango haujafunguka, na sasa majina ya wenye ahadi ambazo hazijatimizwa yanasomwa kila Jumapili, huku mume wangu akiniuliza ni kwa nini niliahidi fedha nyingi kiasi hicho.

Naandika hili kwa aibu: mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu cha akina mama, na fedha za wiki hulala kwangu kabla ya kupelekwa benki. Wiki iliyopita zilikuwa 700,000. Nilizishika nikawaza kwamba nikizichukua ningelimaliza deni la mjini, kadi yangu ingerudi, na ningezirejesha kabla hatujavunja kikoba Desemba. Sijazichukua, lakini wazo hilo haliniachi.

Je, deni langu ni laana? Je, nitimize ahadi kwanza ili nipate mpenyo? Na je, nimwambie mume wangu, ambaye hanipigi lakini ana ulimi mkali, au nifunge na kuomba mpaka Mungu anitoe bila nyumba yangu kuvurugika?

Mwalimu, Nkuhungu

JIBU

Marahaba, mwanangu, na Amina.

Nitaanza na jambo uliloliweka karibu na mwisho wa barua, kwa sababu ndilo lisiloweza kusubiri. Fedha za kikoba zisilale nyumbani kwako tena, hata usiku mmoja. Kabla ya kikao kijacho mwendee mwenyekiti wenu, umwambie kwamba una mzigo binafsi wa madeni na kwamba unaomba mtu mwingine apokee na kupeleka benki fedha za kikundi mpaka utakapokaa sawa. Huna wajibu wa kumsimulia kila kitu. Ukiona haya kusema hivyo, kumbuka kwamba mweka hazina anayejiuzulu akiwa na hesabu kamili huheshimiwa, ilhali yule ambaye wenzake hugundua pengo Desemba, siku ya kugawana, hupoteza kazi yake ya uaminifu, urafiki wa wanawake wote aliokuwa nao na mara nyingi hata ujasiri wa kuingia kanisani. Tena mkopeshaji wako ametengeneza mkataba wake ili usiishe. Hata ungempelekea hizo 700,000, ungerudi kwake Januari na ada mpya, safari hiyo ukiwa na madeni matatu ya siri badala ya mawili. Hiyo ni kuziba tundu la paa kwa bati ulilolibandua upande wa pili wa nyumba hiyo hiyo.

Sasa nije kwenye swali la laana. Wanaohubiri kwamba deni ni laana huegemea sura ya 28 ya Kumbukumbu la Torati, ambako Israeli, taifa zima, linaahidiwa kwamba litakopesha wala halitakopa. Lakini fungua pia Wafalme wa Pili, sura ya 4. Mjane anamlilia Elisha kwamba mumewe amekufa na mdai amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa, na jambo la kwanza analolisema juu ya marehemu ni kwamba Elisha mwenyewe anajua jinsi alivyomcha Bwana. Mcha Mungu, mmoja wa wana wa manabii, alikufa akiwa na deni, na hakuna mahali popote katika habari hiyo ambapo Elisha anamwuliza mjane ni dhambi gani ya ukoo iliyolileta. Alimwuliza ana nini nyumbani.

Ningependa uisome habari hiyo polepole, kwa sababu mara nyingi huhubiriwa kwa haraka ili msikilizaji afike kwenye mafuta. Mjane alianza kwa kusema deni lake kwa sauti. Kisha alitumwa kwa majirani wote kuazima vyombo vitupu, na katika mji mdogo huwezi kuzunguka nyumba kwa nyumba ukiazima vyombo bila watu kujua kwamba una shida, kwa hiyo ni dhahiri kwamba siri ya nyumba yake ilikwisha siku ile. Wanawe walikuwa ndani pamoja naye, wakimpa vyombo huku yeye akimimina. Mafuta yalipokoma, mtu wa Mungu alimwagiza ayauze, alipe deni lake, kisha yeye na wanawe waishi kwa kitakachobaki. Huo ndio utaratibu: kuuza, kulipa, kuishi. Elisha hakuomba chupa hata moja.

Kwa hiyo swali lako la pili limekwisha kujibiwa, ingawa najua kwamba nadhiri inakutisha, kwa sababu Kumbukumbu la Torati 23 inasema tusikawie kutimiza tuliyoyaahidi mbele za Mungu. Neno hilo ni la kweli, na mimi siwezi kukuambia uipuuze ahadi yako. Lakini Torati hiyo hiyo, katika Walawi 27, inapopanga viwango vya fedha kwa walioweka nadhiri, inaongeza katika mstari wa 8 kwamba aliye maskini kuliko kiwango hicho asimamishwe mbele ya kuhani, naye kuhani amkadirie upya kulingana na uwezo wake. Mungu aliona tangu zamani kwamba mtu anaweza kuahidi kuliko mkono wake, akaweka njia ya kurudi isiyokuwa ya kutoroka wala ya kuaibishwa. Mtume Paulo naye, akiwachangisha Wakorintho, katika Waraka wa Pili sura ya 8, alisema kwamba palipo na nia, mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Nenda basi kwa mchungaji wako, mweleze hali halisi, umwombe kwamba ahadi hiyo ipunguzwe au isogezwe, na jina lako litolewe katika orodha inayosomwa. Mchungaji mwenye hekima atakuelewa. Nami kwa upande wangu nitasema wazi kwamba kusoma majina ya wadaiwa wa ahadi ibadani, bila mzee wa kanisa hata mmoja kuwatembelea kwanza kujua kilichowapata, ni desturi ambayo sharika zetu zingefanya vyema kuiacha.

Tuje kwenye fedha zenyewe. Mkopeshaji wa mjini alikupa 600,000, naye amekwisha kuchukua 180,000 mara saba, yaani 1,260,000, zaidi ya mara mbili ya alichokupa. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, kila anayefanya biashara ya kukopesha kwa riba, awe kampuni au mtu mmoja, anatakiwa kuwa na leseni, na kikomo cha riba kilichowekwa na Benki Kuu kwa wakopeshaji wa daraja lake ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa kiwango hicho 600,000 yako ingezaa 21,000 kwa mwezi, na kwa miezi saba 147,000. Hata kama usingelipa chochote katika kipindi hicho, ungekuwa unadaiwa 747,000, nawe umelipa zaidi ya hapo kwa 513,000. Kushika kadi ya benki ya mkopaji na namba yake ya siri ni jambo ambalo Benki Kuu imelikemea hadharani mara nyingi.

Usiende kugombana naye peke yako. Chukua karatasi ya mkataba kama aliiacha kwako, omba benki yako taarifa ya akaunti inayoonyesha kila alichotoa, kisha tafuta msaidizi wa kisheria. Watu hawa wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, huduma yao ni ya bure kwa wasio na uwezo, na ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri itakuelekeza walipo. Yeye atakuandikia barua ya kumtaka mkopeshaji aonyeshe leseni, akubali hesabu ya haki na arudishe kadi. Akikataa, Benki Kuu ina ofisi hapa hapa Dodoma na hupokea malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha. Barua ikishapelekwa, nenda benki ubadilishe kadi na namba ya siri ili mshahara ujao upite mikononi mwako. Nasisitiza mpangilio huo, kwanza barua na kisha kadi, kwa sababu Zaburi ya 37 inamhesabu anayekopa asilipe miongoni mwa wasio haki, na sipendi uonekane, hata mbele ya mtu aliyekudhulumu, kama mtu aliyezima kadi akakimbia. Ikiwa usuluhishi utaonyesha kwamba kuna kitu cha haki ambacho bado unadaiwa, utakilipa. Atakutisha, maana vitisho ni sehemu ya biashara hiyo. Akija nyumbani au shuleni kwa fujo, hilo ni la polisi.

Yule mama wa usharika anahitaji mwendo mwingine. Kwake umelipa 320,000 katika mkopo wa 400,000. Kwa asilimia 3.5 kwa mwezi riba ya miezi minne ni 56,000, hivyo jumla yote ingekuwa 456,000, na kilichobaki ni 136,000. Mwendee wewe mwenyewe, wawili tu, kama Mathayo 18 inavyoagiza, umshukuru kwa kukusaidia siku ya shida, umwonyeshe hesabu hiyo, kisha umwombe apokee 34,000 kwa mwezi kwa miezi minne na deni liishe. Yamkini hajawahi kuihesabu hivyo. Wengi waliokopesha wenzao kwa riba hizi walijifunza kwa kuona wengine wakifanya. Akikataa, mchukue mzee wa kanisa mmoja. Mambo haya yalikuwamo tayari Yerusalemu wakati wa Nehemia: katika sura ya 5 watu wanalia kwamba wameweka rehani mashamba, mashamba ya mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa, na waliowashika ni ndugu zao wenyewe, Wayahudi wenzao. Sisi wa Dodoma, tunaojua miaka ambayo mvua hukatika Februari mtama ukiwa haujakomaa, tunapaswa kuisoma sura hiyo bila kuhitaji mfafanuzi. Nehemia alikasirika, akawaita wakuu mbele ya mkutano, akawataka warudishe mashamba na riba waliyotoza, nao wakarudisha. Hakuwaambia waliokopa waongeze maombi.

Hapo ndipo unapofika kwa mume wako, na hapa sitakuficha: hakuna hata moja katika haya niliyoyaandika linaloweza kufanyika bila yeye kujua. Barua itakuja nyumbani, mkopeshaji atapiga simu, watoto watahitaji uamuzi ambao mama hawezi kuuchukua peke yake. Umeomba Mungu akutoe bila nyumba kuvurugika, lakini nyumba imekwisha kuvurugika. Mnaishi watu wazima wawili ndani yake, na mmoja hajui kwamba chakula cha mwezi mzima kinategemea 80,000. Ulificha kwa upendo, nalitambua hilo, lakini matokeo yake ni kwamba umemnyima mume wako nafasi ya kubeba mzigo ulio wake pia, na huenda amekuwa akijilaumu kwa hasara ya alizeti huku akidhani kwamba wewe peke yako ndiwe unayeweza.

Kwa kuwa ana ulimi mkali, usimwambie usiku akiwa amechoka, wala usimwambie kipande kipande. Andika kila deni kwenye karatasi moja, kiasi ulichokopa, ulicholipa na kinachobaki, ukiingiza na ahadi ya kanisa. Waombe wasimamizi wenu wa ndoa waje siku ambayo watoto hawapo, na kama hao hawafai kwa sababu yoyote, tafuta wanandoa wazee ambao mume wako huwasikiliza. Anza kwa kusema kwamba ulikosea kumficha, kabla hujaeleza sababu. Atasema maneno makali siku hiyo, na pengine siku ya pili. Mwache aseme. Kisha mrudishe kwenye karatasi.

Mkiisha kuwa wawili kwenye karatasi hiyo, lile swali la Elisha la kwamba mna nini nyumbani litakuwa na majibu mengi kuliko unavyoliona sasa. Mna mtu anayejua kila kijiji cha Kongwa chenye alizeti nzuri, anayejua kupima mzigo na kutambua mbegu zenye unyevu, na ambaye wakulima wanamfahamu. Hana mtaji, lakini mkamuaji mwenye mtaji anahitaji mtu kama huyo wa kumkusanyia kwa kamisheni, ambapo bei ikishuka hasara haimpati yeye. Si biashara yake ya zamani, na huenda atajisikia ameshuka cheo, ila ni kazi inayoanza bila mkopo.

Jingine ni ada. Msimu huu wa Septemba mna muda wa kuwahamishia watoto shule ya serikali Januari, ambako ada haipo, na michango itakayobaki haifiki popote karibu na mnacholipa sasa. Najua linauma, na najua watu watasema. Lakini wewe mwenyewe unaingia darasani katika shule ya serikali kila asubuhi na kuwaambia wazazi wa wengine kwamba watoto wao watafaulu. Au huwa huwaambii hivyo? Kuna watoto ambao kubadilisha lugha ya kufundishiwa huwasumbua mwaka wa kwanza, nawe ni mwalimu, utawasaidia jioni.

Kuhusu kuhamishia deni kwenye SACCOS ya walimu, ambalo huenda umeshalifikiria: lifikirie tu kama usuluhishi utaacha kiasi cha kulipa kwa mkupuo, na uulize kwanza kama makato mapya yatakuachia theluthi moja ya mshahara wa msingi kama utaratibu wa utumishi unavyotaka. Usichukue zaidi ya deni lenyewe. Kikoba chenu kikiwa na mfuko wa jamii au mikopo ya riba ndogo, unayo haki ya kuomba kama mwanachama mwingine yeyote, kwa fomu na kwa wadhamini, baada ya kukabidhi uhazini.

Ulitaja kufunga na kuomba. Funga, mwanangu, kama afya inakuruhusu, na uombe ukiwa na ile karatasi mbele yako, ukimtajia Mungu kila jina na kila kiasi. Omba ujasiri wa kikao na mume wako. Kisha upange siku ya kikao hicho kabla ya mshahara wa mwezi huu kuingia, ili mkopeshaji asitangulie tena.